Seva Iliyokwama Kila Maghribi

"Mbak Ratri, kwani wewe mwenyewe huwa unaucheza huo mchezo?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la sita, nimesimama nyuma ya kiti chake na bakuli la kolak mikononi, ndizi za nazi ambazo mama alinituma niwapelekee futari. Mbele yake kulikuwa na skrini mbili zilizojaa mistari inayopanda na kushuka. Hakugeuka.

"Dik, kaiweke jikoni hiyo kabla hujanimwagia kibodi."

Basi. Hilo ndilo jibu nililopata siku ile, na sikumlaumu, maana ile ilikuwa Ramadhani mbaya kuliko zote alizowahi kuzipitia kazini.

Nyumba yao na yetu zinatazamana, katika kichochoro chembamba hapa Salatiga, kisiwani Java, chembamba kiasi kwamba mama akikaanga vitunguu wao ndio wanaopiga chafya. Ratri nilimwita Mbak, yaani dada, naye akaniita Dik, mdogo wake. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, mfupi, mwenye hasira za haraka zisizodumu. Nywele alizibana kwa kibanio cha nguo. Alikaa mguu mmoja ameukunja chini yake, sarongi ya baba yake begani kwa sababu ya baridi inayoshuka kutoka mlima Merbabu, na aliongea na kazi yake kama mtu anayeswaga mbuzi mkaidi: "Haya, twende. Twende, nimesema. Unataka nini tena?"

Kazi yenyewe ilikuwa kulinda seva. Alipoisema hivyo dukani, Bu Tumini muuza mchele alimuuliza kama amepewa sare na rungu.

Mimi nilitaka kujua zaidi ya hapo, nikawa naenda kwao kila nikipata kisingizio. Seva ni ya mchezo wa mtandaoni unaoitwa Nusa Angin. Ni visiwa vingi baharini, na kila mchezaji ana mtu wake mle ndani: anavua, anapanda viazi, anajenga mashua, anauziana na wenzake. Wanaingia maelfu kwa wakati mmoja, kutoka Papua mpaka Aceh, na wale waliokwenda Hong Kong kulea wazee wa watu nao wamo. Wote wanaishi ndani ya mashine moja iliyowekwa Semarang. Mashine hiyo, mara ishirini katika kila sekunde, inapaswa kukumbuka nani yuko wapi, nani kavuta ndoano, nani kagonga mlango wa nani, na kuwaambia wengine. Mbak Ratri aliyaita hayo mapigo. Mapigo yakienda sawa, mchezaji hajui hata kama kuna kitu kinaitwa seva. Yakichelewa, unatembea hatua mbili kisha unajikuta umerudishwa ulikotoka, na samaki wako anabaki hewani kama picha ya ukutani.

"Mimi ni daktari wa ng'ombe," aliniambia. "Ng'ombe hasemi panapouma. Unashika sikio, unatazama macho, unakisia."

Ramadhani ile ng'ombe aliugua kila siku alasiri, na kila alichoshika Mbak Ratri kilikuwa kizima.

Wa kwanza kulalamika walikuwa watu wa Jayapura, mashariki kabisa. Hao wakitulia wanaanza wa Ternate, kisha Makassar. Ikifika zamu yetu sisi wa Java ilikuwa kelele tupu, na baada ya hapo wa Medan, magharibi, wanamalizia. Malalamiko yaliingia pembeni mwa skrini moja baada ya jingine, na mimi niliyasoma kwa sauti mpaka akanikataza.

"Admini amelala?"

"Hajalala, ameenda sokoni kuchagua tende."

"Samaki wangu ameganda hewani tangu alasiri, mpaka nimempa jina."

"Mimi nimekwama mlangoni kwa mke wangu. Nyumbani sifunguliwi, na mchezoni pia sifunguliwi!"

Nilicheka. Mbak Ratri hakucheka.

"Tazama," alisema, akigonga skrini kwa ukucha. "Mashine imetumia robo tu ya nguvu zake. Kumbukumbu ipo tele. Intaneti iko wazi. Kijani, kijani, kijani. Sasa wanakwama wapi hawa watu? Wananiota?"

"Labda wamezidi," nikasema. "Wanangoja adhana, wote wamelala na simu."

"Dik, hilo hata paka wa Bu Tumini analijua. Lakini Jumamosi wanakuwa wengi kuliko hivi, na hakukwami! Wengi kuliko hivi!" Alirudia kana kwamba ni mimi niliyembishia.

Alijaribu kila kitu. Aliizima seva alfajiri na kuiwasha upya. Aliwapigia watu wa nyaya, wakamwambia nyaya ziko salama, alipoendelea kuuliza wakamwambia aongee na watu wengine, na hao wengine wakamrudisha kwa wa kwanza. Alimwomba mwenye kampuni, Pak Gunarso, akodi mashine kubwa zaidi. Pak Gunarso akakodi, akinung'unika, mashine yenye vichwa kumi na sita vya kufikiria badala ya vinane. Tukakaa mimi na yeye mbele ya skrini siku ya kwanza ya mashine mpya, yeye akiwa ameshikilia ukingo wa meza.

Jayapura wakalalamika. Ternate wakalalamika. Mstari wa mashine ukashuka chini zaidi, ukawa kijani kizuri ambacho sijawahi kukiona.

"Sasa ndiyo mzima kabisa," alisema Mbak Ratri. "Atakufa akiwa mzima."

Pak Gunarso hakuwa mtu wa kuandika. Alituma ujumbe wa sauti, na Mbak Ratri aliusikiliza kwa spika ili mikono yake ibaki kwenye kibodi. Ndiyo maana na mimi niliusikia.

"Ratri, kila asubuhi unaniletea kijani. Hicho kijani nikifanyie nini? Nikipike? Watu wanahama. Mimi nakuheshimu, unajua, lakini sikiliza. Ikifika Idi bado hali ni hii, kazi ya kuilinda seva naipeleka kwa kampuni moja ya Jakarta. Wana watu kumi pale. Usinichukie."

Aliukata kabla haujaisha.

Kila mtu kichochoroni alijua maana ya jambo hilo. Kaka zake wawili walikuwa Bekasi, kwenye viwanda, na walikuwa wanarudi Idi kwa Idi. Kwetu hapa kazi kama yake hakuna nyingine. Ikipotea hii, naye angepanda basi kwenda huko huko, na Pak Sarjono, baba yake, angebaki peke yake na redio.

Pak Sarjono ndiye aliyekuwa mpiga bedug wa msikiti wetu mdogo tangu kabla baba yangu hajaoa. Bedug ni ngoma yetu ya msikitini, kubwa kuliko pipa, na hupigwa kabla ya adhana. Watu wanasema pigo la Pak Sarjono lilijulikana hata ng'ambo ya mto. Lilianza polepole, likakimbia, kisha likasimama ghafla, na katika ule ukimya ndipo adhana inapoingia. Halafu bega lake likagoma. Mkono haukuweza tena kupanda juu ya kifua. Vijana wakaichukua ngoma, nao wanapiga kama wanaofukuza nyani.

Kabla bega halijafa kabisa, Mbak Ratri alikuwa amemrekodi. Na mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, kwa ruhusa ya Pak Gunarso, yeye na fundi wa ramani za mchezo waliijenga bedug ndani ya Nusa Angin, kwenye uwanja wa Kisiwa cha Kati, pamoja na mzee mwenye kofia nyeusi anayeipiga. Kila pigo la mkono wa yule mzee ni pigo la Pak Sarjono, limekatwa na kupachikwa mahali pake.

Ililia Ramadhani tu, na mwanzoni ilifuata maghribi ya hapa Salatiga. Siku ya pili tu, bwana mmoja wa Medan akaandika kwa hasira kwamba ameisikia, akanywa maji, kumbe jua la kwao bado liko juu, na sasa saumu yake nani atailipa? Mbak Ratri alikosa raha siku nzima. Akamwomba fundi abadilishe, ili kila mchezaji aisikie ngoma kwa maghribi ya mji wake mwenyewe, akamtumia yule bwana radhi ndefu kama khutba. Baada ya hapo watu waliipenda. Waliandika, "Salamu kwa Mzee wa Ngoma." Mbak Ratri alimsomea baba yake salamu hizo mezani, naye alikuwa akijibu kila moja, "Waalaikumsalamu," kama vile walioziandika wamesimama mlangoni.

Sasa turudi kwenye siku ya ule ujumbe wa sauti.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa. Pak Sarjono alikuwa jikoni, ameshapanga tende, chai na kolak ya mama. Kwa kawaida, saa kama hiyo Mbak Ratri aliacha kila kitu na kwenda kukaa naye; hajawahi kumwacha baba yake afuturu peke yake. Siku ile hakuinuka.

"Leo sitoki hapa," aliniambia. "Leo namtazama ng'ombe huyu usoni."

"Ratri!" Pak Sarjono aliita. "Wakati umekaribia."

"Bapak fuata adhana, ufungue tu! Nakuja!"

"Nifungue na nani? Na kiti?"

"Bapak, nina kazi!"

"Na mimi nina chai. Inapoa."

Mbak Ratri alisaga meno. Alifuta ule mstari mkubwa wa mashine nzima, ule ambao Pak Gunarso alitaka kuuona kila asubuhi, na badala yake akavifungua vichwa vyote kumi na sita, kila kimoja na mstari wake. Nilidhani ameharibu kitu, maana skrini ilijaa vijidirisha. Kumi na tano kati yake vilikuwa vimelala chini kabisa. Kimoja kilikuwa chekundu, kimegota juu, hakiendi popote.

"Hee," alisema.

Kisha akasema neno ambalo mtu aliyefunga hapaswi kulisema.

Alinieleza baadaye, akiwa ametulia. Vile vichwa havigawani kazi wapendavyo. Kila kisiwa kimepewa kichwa kimoja, na kisiwa kimoja hakiwezi kufikiriwa na vichwa viwili. Kwa hiyo kichwa kimoja kinaweza kuungua huku vingine kumi na tano vinapiga miayo, na ukiuliza wastani, wastani unakuambia hali ni shwari. Kuongeza vichwa vinane vipya kulikuwa kuongeza wapiga miayo.

"Hiki kinalisha kisiwa gani?" Alikuwa anajiuliza mwenyewe. Akatafuta. Kisiwa cha Kati.

Akafungua dirisha la admini, linaloonyesha kisiwa kutoka juu, kama mtu aliyepanda mnara. Nilisogea mpaka kidevu changu kikagusa bega lake. Ardhi ya uwanja haikuonekana. Watu, watu, watu. Wenye kofia za majani, wenye nyavu za samaki, mmoja kaja na mbuzi, mwingine kaiburuta mashua yake mpaka nchi kavu. Walikuwa wamejipanga duara ndani ya duara, na wapya walikuwa wanazidi kuingia kutoka visiwa vyote, wakisukumana, wakirudishwa nyuma, wakisukumana tena. Katikati yao kulikuwa na bedug.

"Wanangoja ngoma," alisema Mbak Ratri polepole. "Jumamosi wanakuwa wengi, lakini wametawanyika. Hapa wamekuja wote kusimama karibu nayo. Mwaka jana ndiyo kwanza walikuwa wanaijua. Kila mmoja akipiga chafya, seva inabidi iwaambie wote wanaomwona. Na wote wanamwona."

Hapo msikiti wetu ukaanza. Vijana wakapiga ngoma yao ya kufukuza nyani, na mchezoni yule mzee mwenye kofia nyeusi akainua mkono. Mbak Ratri akafungua spika.

Dum.

Kimya.

Du-dum. Kimya kirefu. Dum-dum-dum-dum, yote kwa pamoja, kama viazi vinavyomwagika ngazini. Kisha dum moja, imechelewa, baada ya mkono kuwa umeshateremka.

"Nani huyo anapiga hovyo hivyo?" Pak Sarjono aliuliza kutoka jikoni.

Mbak Ratri aliinamia skrini zaidi.

"Mtoto wa nani huyo? Mwambieni aache, ataipasua ngozi."

"Ni wewe, Bapak."

Nilisikia kijiko kikiwekwa juu ya meza. Halafu Pak Sarjono akaja, glasi ya chai katika mkono ule mzima, akaiweka karibu na kibodi.

"Kunywa kwanza," alisema. Akainama, akautazama ule uwanja. "Wote hawa wamefunga?"

"Wengi wao."

"Na mimi ndiye ninayewapigia hivyo?"

Alirudi jikoni. Mbak Ratri alikunywa chai kwa mkupuo mmoja, akakohoa, na akakaa akiutazama ule mstari mwekundu mpaka uliposhuka wenyewe, watu wa Java walipoondoka kwenda kula.

Nilifikiri atafurahi. Mtu anatafuta kitu wiki tatu, akikipata si anafurahi? Kesho yake nilipokwenda nilimkuta amemkasirikia kila mtu, pamoja na feni.

Alikuwa amempigia fundi wa ramani tangu asubuhi. Mawazo yake yalikuwa haya: wajenge bedug ndogo katika kila kisiwa, ili watu wasikie walipo na wasimiminike mahali pamoja. Kazi ya siku nne, labda tano. Lakini zilikuwa zimebaki siku chache kufika Idi, na nchi nzima ilikuwa barabarani kurudi makwao.

"Mbak, niko Kebumen juu ya pikipiki," fundi alipiga kelele kwenye simu, na upepo ulisikika. "Mtoto anatapika! Baada ya Idi, Mbak!"

"Baada ya Idi mimi sipo!"

"Haloo? Haloo?"

Kumbe jambo lingine lilikuwa linamsumbua, na hilo alilisema akiwa ameupa mgongo mlango wa jikoni, kwa sauti ya chini. Pak Gunarso hakujua chochote kuhusu ngoma. Alishaamini kwamba ni nyaya. Mbak Ratri angeweza kumwachia imani yake, Ramadhani ingeisha, ngoma ingenyamaza yenyewe hadi mwakani.

"Lakini wale kumi wa Jakarta," alisema, "watakaa asubuhi moja, watafungua vichwa kimoja kimoja, watacheka, wataifuta. Hawatajua hata ni mkono wa nani."

Akampigia Pak Gunarso. Alisimama wima wakati wa kuongea, kama yuko mbele ya mwalimu.

"Nimepata, Pak. Ni bedug."

"Bedug? Ile ya baba yako?"

"Ndiyo, Pak. Watu wanajazana uwanjani."

Pak Gunarso aliguna. Nadhani hata yeye hakupenda.

"Basi iondoe, Ratri."

"Pak, nipe wiki moja. Tukiweka ndogo ndogo katika kila kisiwa..."

"Nani atazijenga? Watu wote wako njiani. Kuiondoa kunachukua muda gani?"

Alihamishia simu sikio la pili.

"Ratri?"

"Muda mfupi, Pak."

"Basi. Leo, kabla Jayapura hawajaingia. Na kazi yako ni yako, nisikusikie tena ukiongea habari za kuondoka."

Aliweka simu mezani kifudifudi. Pak Sarjono alikuwa mlangoni. Hatukujua amesimama pale tangu lini.

"Inawasumbua watu?" aliuliza.

"Sana, Bapak."

"Kazi ya ngoma ya msikiti ni kuita watu." Alikuwa anaongea bila haraka, anajikanda bega. "Imewaita. Wamekuja. Sasa kosa lake nini?"

"Wamekuja wengi mno."

"Wengi mno!" Alicheka kwa pua. "Miaka yote ile imamu alikuwa analalamika safu haijai."

Mbak Ratri alitaka kucheka, nilimwona, lakini uso ulikataa. "Bapak, nikiiacha, napoteza kazi. Nikiitoa, nabaki hapa. Niambie la kufanya."

"Mimi nikuambie nini? Kompyuta ni yako." Kisha, akiwa ameshageuka, "Itoe. Wamefunga, wasitaabike. Na mimi sitaki kusikika nikipiga vile."

Akaitoa. Sikuona kitu cha kutazama. Aliandika mstari mmoja, akabonyeza, akaegemea kiti.

Alasiri ile watu wa Jayapura hawakulalamika. Wala Ternate. Wala Makassar. Ilipofika zamu ya Java, vile vijidirisha kumi na sita vilikwenda pamoja, hakuna kilichopanda, hakuna kilichogota. Pembeni mwa skrini mtu aliandika, "Ngoma iko wapi?" na mwingine akamjibu, "Sijui, lakini afadhali, leo hakukwami." Baada ya hapo wakaanza kuzungumzia bei ya viazi. Pak Gunarso alituma picha ya kidole gumba. Mbak Ratri aliitazama kama mtu anayetazama nzi ndani ya supu, akaenda jikoni kufuturu kwa wakati.

Kaka zake walirudi kwa Idi, wakala, wakalala, wakaondoka. Naye akabaki.

Nilidhani mwaka uliofuata ngoma itarudi. Yeye pia alidhani. Alimwandalia Pak Gunarso kila kitu, michoro ya bedug ndogo, hesabu ya kila kisiwa na kichwa chake. Pak Gunarso akasema ni wazo zuri, tulizungumze mwakani. Mwaka wa pili akasema kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Mwaka wa tatu Mbak Ratri hakuomba, na nilipomuuliza kwa nini, alinirushia kibanio cha nguo.

Sasa mimi niko sekondari ya juu, na bado naenda kwao, ingawa visingizio vimeniishia. Pak Sarjono hasikii vizuri siku hizi. Lazima usimame upande wa kulia. Mbak Ratri amepata skrini ya tatu. Seva haijakwama maghribi tangu wakati ule. Anaifungua mistari mmoja mmoja kila siku, haamini tena wastani wa kitu chochote, hata wa bei ya pilipili.

Wiki iliyopita tulikuwa tunamenya vitunguu nyuma ya nyumba yao, mimi nikimsimulia habari za mtihani wa fizikia, naye nilidhani ananisikiliza. Katikati ya maneno yangu akasema:

"Uliwahi kuniuliza kama huwa naucheza."

"Lini?"

"Ulikuwa umebeba kolak. Nikakufukuza." Alifuta macho kwa kiwiko, vitunguu vyetu ni vikali. "Nimeucheza mara moja tu, Dik. Siku niliyoitoa ngoma, baada ya kufuturu. Nikajitengenezea mtu, nikampa kofia, nikavuka naye mpaka Kisiwa cha Kati. Nikaenda kusimama uwanjani, pale ilipokuwa. Hapakuwa na mtu. Nikamtembeza kushoto, nikamtembeza kulia. Hakukwama hata kidogo."